Somo la Motakaa: Mlango wa Maji ya Injini

Gari litokalo Dar es Salaam likisha kupita Gongo la Mboto huanza kupanda vilima vya Pugu, na kabla halijafika Kisarawe injini yake imefanya kazi kubwa. Hapo ndipo pengine mshale wa joto hupanda, na mvuke ukafuka chini ya boneti. Watu husema, "Rejeta imekufa." Huenda ikawa kweli; lakini mara nyingine mkosaji ni kitu kidogo kitoshacho kiganjani, nacho huitwa themostati.

Maji ya kupoza injini yana njia mbili: moja huzunguka ndani ya injini, ya pili hupita katika rejeta ili yapate upepo. Themostati ni mlango wa njia hii ya pili. Ndani yake mna kikopo kilichojazwa nta. Injini ikiwa baridi, nta huwa ngumu na springi hufunga mlango. Maji yakipata moto, nta huyeyuka, hutanuka, ikausukuma mlango ukafunguka. Katika injini nyingi huanza kufunguka penye digrii 82 au 88 za Selsiasi, na hesabu hiyo huchapwa juu ya themostati yenyewe.

Ikikwama wazi, injini hukawia kupata joto na hunywa petroli kupita kiasi. Ikikwama imefungwa, maji huchemka upesi, na huku rejeta upande wa chini ingali baridi.

Sasa nitasema neno ambalo baadhi ya mafundi hawatalipenda. Wako waing'oao themostati na kuitupa, kwa hoja kwamba nchi yetu ni ya joto. Hoja hiyo haina msingi, maana hari ya Pwani haifiki hata nusu ya digrii 82. Tena katika injini nyingine themostati ifunguapo njia ya rejeta, huifunga ile njia fupi ya ndani. Ukiing'oa, njia fupi hubaki wazi siku zote, na maji mengi hurudi injini bila kupozwa. Kilimani gari hilo litachemka kuliko kwanza, na silinda hedi ikipinda, gharama yake ni mara nyingi ya bei ya themostati mpya. Na kama gari limelala njia ya Maneromango usiku, nalo lina mgonjwa wa kufikishwa Hospitali ya Wilaya, hasara haihesabiwi kwa fedha.

Kabla ya kuinunua nyingine, ijaribu ile ya kale. Itundike kwa uzi katika sufuria ya maji juu ya moto, isiguse chini. Maji yakichemka nayo haijafunguka, imekufa. Mwalimu aweza kuwaonyesha wanafunzi jambo hili darasani, wakajifunza jinsi vitu vinavyotanuka kwa moto.

Kuibadili, ngoja injini ipoe kabisa. Usifungue kifuniko cha rejeta penye moto: maji yaliyobanwa hupita digrii 100 bila kuchemka, nayo huruka usoni mara yapatapo upenyo. Kinga maji chomboni, fungua bolti za kasha lililo mwisho wa mpira wa rejeta, kwangua gasketi ya kale, tia mpya. Kikopo kielekee injini, na kitundu cha hewa kiwe juu. Kisha jaza maji ya kupozea yaliyoagizwa na mtengenezaji, washa injini kifuniko kikiwa wazi, ukiongeza maji hewa itokapo, hata rejeta ipate moto. Ndipo ufunike.