"Moyo Mkubwa" Maana Yake Nini? Somo kwa Walimu Watarajiwa

Hapa Tabora utasikia watu wakisema fulani "ana moyo mkubwa", na kila mtu anaelewa kivyake. Wapo wanaodhani ni mawazo, wapo wanaodhani karogwa. Mimi nasomea ualimu, si udaktari, ila mada hii nimeifuatilia kwa sababu inawahusu watoto tutakaowafundisha. Wanachuo wenzangu, tuichambue taratibu.

Moyo una vyumba vinne, viwili juu na viwili chini. Una pia valvu nne, yaani milango inayofunguka upande mmoja tu, ili damu ikishapita isirudi. Mlango huharibika kwa namna mbili: ama unasinyaa na damu inapita kwa shida, ama haufungi vizuri na damu inavuja kurudi ilikotoka.

Sasa chumba kinatanuka vipi? Chukua mfano wa nyumbani. Mwaka 1871 Mirambo alipofunga njia ya kwenda Ujiji, misafara kutoka pwani ilikwama hapa Unyanyembe. Stanley mwenyewe alikaa karibu miezi mitatu kabla ya kuzungukia kusini. Njia ya mbele ikizibwa, watu na mizigo hurundikana kituo cha nyuma. Ndivyo inavyokuwa valvu ya mitrali ikisinyaa: damu inarundikana chumba cha juu kushoto, presha ndani yake inapanda, kuta zinatanuka. Kwa mtu mzima chumba hicho kwa kawaida hakizidi sentimita 4 hivi. Kikifika 5 au 6, daktari anajua tatizo halikuanza jana.

Valvu hiyo ikivuja, chumba cha chini kushoto nacho kinatanuka. Kila pigo kinabeba damu mpya pamoja na ile iliyorudi, kama mpagazi anayefikisha mzigo halafu nusu yake inarudishwa abebe tena. Mwanzoni anastahimili, mwishowe anachoka. Ndiyo maana kwenye uvujaji mkubwa madaktari hupima upana wa chumba hicho kinapomaliza kujikaza. Ukifika milimita 40, hushauri operesheni hata kama mgonjwa anasema hajambo. Kwa valvu ya aota inayovuja, mpaka ni kama milimita 50. Wakichelewa, msuli unaweza usirudi hali yake hata valvu ikitengenezwa.

Lakini tusikariri namba tu. Presha ya kupanda nayo hutanua vyumba, na wanamichezo wengine wana vyumba vikubwa na ni wazima kabisa. Tena valvu ikipasuka ghafla, mgonjwa anaweza kuwa hoi huku vyumba vina ukubwa wa kawaida, maana havijapata muda wa kutanuka. Kwa hiyo ukubwa husomwa pamoja na dalili na vipimo vya valvu yenyewe.

Mwalimu anaingiaje hapo? Kwetu Afrika Mashariki, chanzo kikubwa cha valvu kuharibika kwa vijana ni homa ya baridi yabisi. Huanza na maambukizi ya koo ya bakteria wa streptokoka, hasa kati ya miaka 5 na 15, yaani umri wa darasani. Kinga ya mwili ikipambana nao, inajeruhi viungo na valvu. Koo likitibiwa mapema kwa penisilini, ugonjwa unakatika hapohapo. Aliyekwisha kupata homa hiyo huchomwa sindano ya penisilini kila wiki tatu au nne, kwa miaka, ili valvu zisiumie tena.

Kwenye mazoezi ya kufundisha nilikutana na binti wa darasa la sita aliyeitwa mvivu kwa sababu hakumalizi mchakamchaka. Kipimo cha eko kilionyesha chumba cha juu kushoto kina sentimita 5.4, kikubwa hata kwa mtu mzima. Sasa familia inachangishana ili afike Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete, Dar es Salaam. Dawa ya koo ingegharimu kidogo mno kulinganisha na safari hiyo.

Basi ukipangiwa shule, mtoto mwenye koo linalouma na homa mwambie mzazi ampeleke zahanati. Anayevimba magoti, kisha viwiko, usiseme anakua. Na anayehema kuliko wenzake, weka fimbo chini kwanza, uliza.