Maumivu ya Mifupa Miteremkoni mwa Meru: Homoni Zinahusikaje?

Maji ya Mlima Meru yanahusianaje na maumivu sugu ya mwili?

Miamba ya volkano ya Meru hutoa floridi inayoyeyuka katika mito na chemchemi. Pande za Maji ya Chai, Ngarenanyuki na Oldonyosambu yapo maji yenye zaidi ya miligramu 10 kwa lita, ilhali Shirika la Afya Duniani linashauri zisizidi 1.5. Magadi yanayotiwa kwenye maharage na makande huongeza floridi nyingine. Meno hubadilika rangi tangu utotoni. Mifupa huchukua miaka mingi zaidi, ndipo mgongo, shingo na magoti yanapoanza kuuma na kukakamaa.

Homoni huingiaje hapo?

Floridi hujipenyeza katika madini ya mfupa na kuzichochea seli zinazojenga mfupa mpya. Ujenzi huo hula kalsiamu nyingi. Kwa mtu asiyepata maziwa, dagaa wala mboga za majani za kutosha, kalsiamu ya damu hushuka. Tezi nne ndogo za parathiroidi, zilizo nyuma ya tezi ya shingo (thairoidi), humwaga homoni inayoitoa kalsiamu mifupani ili kuziba pengo. Mfupa huwa mzito kupita kiasi sehemu moja na dhaifu sehemu nyingine. Mtoto huweza kupata matege. Upungufu wa vitamini D, ambayo mwilini hugeuzwa kuwa homoni, huzidisha madhara. Dawa ya maumivu peke yake haigusi lolote kati ya haya, na inasikitisha kwamba wengi huishia hapo.

Je, kila maumivu ya mwili mzima ni ya floridi?

Hapana. Tezi ya shingo ikitoa homoni kidogo, misuli huuma, uchovu hauishi na baridi husikika kuliko kawaida. Hali hiyo hutibika kwa vidonge vya homoni hiyo. Fibromaialjia nayo huumiza mwili mzima, mara nyingi vipimo vikiwa vya kawaida. Maumivu yaliyofikisha miezi 3 yanastahili uchunguzi wa daktari: kalsiamu, homoni za tezi hizo, vitamini D, eksirei, na figo, kwa kuwa ndizo zinazotoa floridi mwilini.

Kuchemsha maji kunasaidia?

Kunaua vijidudu tu. Maji yakipungua sufuriani, floridi hukolea. Kituo cha utafiti wa kuondoa floridi cha Ngurdoto kimeendeleza uchujaji kwa mkaa wa mifupa ya ng'ombe, na maji ya mvua yana floridi kidogo sana. Iliyokwisha kuingia mifupani hutoka polepole kwa miaka, hivyo maji hayo salama wapewe watoto kwanza.