Kwa Anayekuja Kuhesabu Safari za Mombasa: Ya Kufanya na ya Kutofanya

Haya nawaandikia wanafunzi wanaokuja kisiwani na madodoso kuuliza nani anakwenda wapi, saa ngapi, kwa chombo gani. Majibu hayo huingia kwenye modeli, modeli ikatoa makadirio, na makadirio yakageuka lami. Asiyehesabiwa hajengewi njia. Yashikeni haya ninayowaandikia.

Usiulize, "Jana ulifanya safari ngapi?" Kwetu safari ni kufunga mzigo: Lamu, Nairobi, Umra. Nilikosea hivyo mwenyewe, Kibokoni, nikiwa mgeni wa kazi hii. Bibi mmoja aliyekuwa akichambua mchicha alinijibu, "Sijasafiri mimi, mwanangu, tangu harusi ya mjukuu wangu." Nikaandika sufuri. Akaniletea kahawa, tukazungumza, nikausifu ule mchicha. Akasema ameununua jana Marikiti, asubuhi, kabla jua halijawa kali. Na wakati wa kurudi akapitia Kuze kumjulia hali mgonjwa. Na baada ya alasiri akenda matangani Mkanyageni. Siku nzima ya kutembea, na mimi nilikuwa nimeifuta kwa neno moja.

Uliza hivi: "Jana ulipotoka nyumbani mara ya kwanza, ulikwenda wapi? Ukatoka hapo ukenda wapi?" Ifuate siku kwa vipindi vya sala kwa anayesali: baada ya alfajiri, kabla ya adhuhuri, baina ya magharibi na isha. Kumbukumbu hujipanga yenyewe. Na usiandike "hakutoka" mpaka umeuliza juu ya duka, kisima, chuo cha watoto na jirani.

Usiiache saa ya Kiswahili iingie kwenye kompyuta bila kugeuzwa. Saa moja asubuhi ni 07:00. Ukiandika 1, umemtoa mtu kitandani usiku wa manane, na kilele cha asubuhi pale kivukoni Likoni umekihamisha kwa saa 6. Kagua madodoso siku ile ile, kabla aliyeyajaza hajasahau.

Usiikate safari moja vipandevipande ukaiita safari nne. Mtu wa Likoni anayefanya kazi Kizingo hupanda matatu hadi kivukoni, akangoja, akashuka mteremko, akavuka, akapanda mteremko wa pili, akatafuta tuktuk. Ni safari moja. Lakini andika kila kipande chake, pamoja na dakika za kungoja, maana tafiti za nchi nyingi zimeonyesha kwamba dakika ya kungoja humwelemea mtu kuliko dakika ya kwenda. Jaribu kusimama pale saa moja asubuhi, jua linaanza kuchoma, mtoto mgongoni mwa mwenzako anakupiga teke la ubavu, geti limefungwa na feri ndiyo kwanza iko ng'ambo. Hapo hutahitaji kuzisoma hizo tafiti.

Usichukue mapato ya feri ukayafanya hesabu ya wavukaji. Gari hulipa, mwenye miguu havuki kwa nauli. Makisio yanayotajwa siku zote ni watu kama 300,000 kwa siku na magari kama 6,000. Kwa hiyo risiti zitakuonyesha wachache na kukuficha umati. Simama mteremkoni uhesabu vichwa.

Usimbishie anayekwambia anaiogopa feri. Tarehe 29 Aprili 1994 feri ya Mtongwe ilipinduka, wakafa watu zaidi ya 270. Waliofiwa wapo, na wanavuka kila siku. Woga wao usiuite kosa la kipimo. Ni sehemu ya gharama ya kuvuka, nao upate swali lake kwenye dodoso.

Anza na milango ya kisiwa. Watafiti wa miji mingine huhangaika kuchora mpaka wa kuhesabia. Sisi Mungu ametuchorea. Nyali, Makupa, Kipevu, Likoni: wengi waingiao na watokao hupita huko. Hesabu yako ya nyumbani isipolingana na ya milangoni, rudi nyumbani ukaulize upya.

Usiazime vigezo. Modeli ya hatua nne, yaani safari ngapi zinazaliwa, zinaelekea wapi, kwa chombo gani, kwa njia ipi, ilikuzwa Detroit na Chicago miaka ya 1950, kwa watu wenye magari. Hapa wenye magari ni wachache, wanaotembea ni wengi.

Ijaribu modeli kwa hesabu ambayo haikuiona. Kabla treni za BART kuzoeleka kule San Francisco, makadirio rasmi yalisema asilimia 15 ya wafanyakazi wangezipanda. Daniel McFadden, aliyepata Nobel ya uchumi mwaka 2000, alikadiria asilimia 6.3. Ilipopimwa, ikawa 6.2. Wewe pia toa kadirio lako kabla, liandike, usilifute.

Usihesabu wiki moja ukaiita mwaka. Ramadhani mji hulala mchana ukaamka usiku. Ijumaa adhuhuri si Jumanne. Desemba wageni hujaa.

Usiingie mtaani bila kibali cha utafiti cha NACOSTI wala bila kumwona mzee wa mtaa. Piga hodi, ngoja. Mama aliye peke yake nyumbani ahojiwe na mwanamke mwenzake. Na ramani yenye nukta ya mlango wa mtu usiioneshe popote. Sheria ya Kulinda Data ya 2019 inakukataza, na hata isingekuwapo, uliaminiwa.

Na mhesabu hamali. Kwenye vichochoro vya Mji wa Kale ambako lori halipenyi, gunia la mchele hufika dukani kwa mkokoteni, na fomu nyingi nilizoziona hazina kisanduku cha mkokoteni. Chora kisanduku hicho kwa kalamu kabla hujapiga fotokopi.