MADA YA 9: UPANGAJI WA SAUTI KUSHOTO NA KULIA KATIKA REKODI ZA MWANZO ZA STIRIO

Mtahiniwa, wanafunzi wengi hupoteza alama katika mada hii kwa sababu moja: hueleza kinachosikika katika rekodi, lakini hawaelezi kwa nini kinasikika hivyo. Soma kwa makini, kisha fanya zoezi mwishoni.

1. Maana
Rekodi ya mono ina mkondo mmoja wa sauti. Hata ukiwa na spika mbili, zote hutoa kitu kilekile. Rekodi ya stirio ina mikondo miwili, wa kushoto na wa kulia. Kupanga sauti ni kuamua sauti ya kila chombo au mwimbaji iende upande gani na kwa kiasi gani. Ikipelekwa sawa pande zote mbili, msikilizaji aliyekaa katikati ya spika huisikia kama inatoka katikati, ingawa hapo hapana spika.

2. Historia kwa ufupi
Mhandisi Mwingereza Alan Blumlein aliomba hataza ya mfumo wa stirio mwaka 1931. Hata hivyo, santuri za stirio zilianza kuuzwa kwa umma mwaka 1958. Kwa hiyo mwanzoni mwa miaka ya 1960 vijana wengi wa Uingereza bado walisikiliza muziki kwa gramafoni na redio za mono.

3. Mfano: albamu ya *Please Please Me* (1963)
Tarehe 11 Februari 1963, kundi la Beatles lilirekodi nyimbo 10 za albamu hii kwa siku moja katika studio ya EMI iliyoko Abbey Road, London. Mtayarishaji alikuwa George Martin. Mashine ya mkanda ilikuwa na njia mbili tu. Kwa sehemu kubwa, vyombo vilirekodiwa katika njia moja na waimbaji katika njia nyingine. Lengo lilikuwa kupata nafasi ya kuongeza au kupunguza sauti za waimbaji kabla ya kuunganisha njia zote kuwa mono. Toleo la stirio lilipotengenezwa kutoka mkanda uleule, vyombo vilibaki kushoto na waimbaji kulia.

*Jaribu:* Tafuta toleo la stirio, kisha gawaneni hedifoni na mwenzako, kila mmoja sikio moja. Mmoja atasikia zaidi gitaa na ngoma. Mwingine atasikia zaidi waimbaji. Wimbo ni mmoja, lakini kila mmoja wenu amepata nusu yake.

4. Sababu za upangaji huo
(a) *Vifaa:* njia zilikuwa mbili tu, hivyo chaguo lilikuwa finyu.
(b) *Soko:* toleo la mono ndilo lililopewa uzito, kwa kuwa ndilo lililonunuliwa na wengi.
(c) *Usikilizaji:* chumbani, sauti za spika mbili huchanganyika hewani na kila sikio hupata zote. Hedifoni huzitenganisha kabisa, ndiyo maana leo upangaji ule hutushtua.

5. Mabadiliko
Studio hiyo ilianza kurekodi Beatles kwa njia nne mwishoni mwa mwaka 1963. Albamu ya *Abbey Road* (1969) ilirekodiwa zaidi kwa njia nane na ilitolewa Uingereza kwa stirio pekee. Baadaye ikawa kawaida kuweka mwimbaji, besi na ngoma kubwa katikati. Besi nzito ikiegemea upande mmoja, sindano ya gramafoni inaweza kuruka kwenye mfereji wa santuri.

Swali la mfano
"Kuweka waimbaji upande mmoja ni uzembe wa watayarishaji wa zamani." Jadili.

Mwongozo wa jibu
Anza kwa kupinga au kukubali waziwazi. Taja rekodi moja na mwaka wake. Toa sababu ya vifaa, ya soko na ya usikilizaji, kila moja katika aya yake. Hitimisha kwa kuonyesha kuwa kazi hupimwa kwa nyenzo na wasikilizaji wa wakati wake.

Jipime
1. Tofautisha mono na stirio.
2. Kwa nini sauti inaweza kusikika katikati pasipo na spika?
3. Eleza faida ya njia nane kuliko njia mbili kwa mpangaji wa sauti.
4. Sikiliza wimbo wowote wa sasa kwa hedifoni, sikio moja baada ya jingine. Orodhesha kilicho kushoto, katikati na kulia.