Viti vya henzirani karibu na ziwa

Swali: Tunaishi Pweto, karibu na Ziwa Mweru. Viti vyangu vya henzirani vimeanza kuota ukungu. Nifanyeje, na sebule niipambe vipi?

Jibu: Dada, adui ni unyevu, hasa masika haya. Visugue kwa brashi laini na maji ya sabuni kidogo, kisha vianike kivulini penye upepo. Jua kali hupasua henzirani. Visigusane na ukuta. Vanishi ingoje kiangazi, Juni au Julai, vikishakauka kabisa.

Kuhusu mapambo, usisuke nyumba nzima! Viti viwili, mkeka mmoja wa mafunjo, kitunga cha kuwekea nguo za watoto, basi. Mito ivishe kitenge chenye rangi kali. Mishumaa iweke mbali na vitu hivi vya kusuka.