Kuhamisha Barua Pepe Bila Kupoteza Hata Moja: Somo kwa Shule, Biashara na Vikundi vya Free Area

Wakazi wengi wa Free Area wanaijua kazi ya ufunguo wa sanduku la posta. Barua haiji mlangoni. Hulala katika sanduku lenye nambari, chini ya msimbo 20100 wa Nakuru, na mwenye ufunguo ndiye anayeichukua. Sanduku hilo ni la kukodi. Ada isipolipwa linaweza kupewa mtu mwingine, na wale ambao hawakuarifiwa wataendelea kuandika nambari ile ile kwenye bahasha.

Barua pepe ina desturi hiyo hiyo. Sehemu ya anwani inayofuata alama ya @ huitwa kikoa, na kikoa hulipiwa kila mwaka. Shule, duka, chama cha akiba au kikundi cha akina mama kinapobadilisha kikoa, kazi haiishii kwenye kuchapisha kadi mpya. Kuna barua za miaka iliyopita za kuhamishwa, kuna barua zitakazoendelea kutumwa kwenye anwani ya zamani, na kuna akaunti za serikali na za benki zilizofungwa kwa anwani hiyo. Somo hili linaeleza jinsi ya kuhama kwa utaratibu, na kwa nini kikoa cha zamani hakifai kuachwa haraka.

Kwa nini taasisi huhama

Sababu ni nyingi. Mwaka 2013, mabaraza ya miji yalipokoma na serikali za kaunti kuanza, ofisi nyingi za umma nchini zilibadilisha majina na anwani. Shule hubadilisha mmiliki. Biashara mbili huungana. Nyingine huanza na anwani ya bure, kisha zikikua zinataka anwani yenye jina lao.

Vikoa vinavyoishia na .ke husimamiwa na shirika la KeNIC, na mkazi husajili jina kupitia kampuni zilizoidhinishwa nalo. Kila mwisho una wenyewe: .co.ke ni wa biashara, .or.ke ni wa mashirika yasiyo ya kibiashara, .sc.ke ni wa shule za msingi na sekondari, na .ac.ke ni wa vyuo. Mwisho wa .go.ke hutolewa kwa taasisi za serikali pekee, na ndiyo sababu tovuti ya Kaunti ya Nakuru ni nakuru.go.ke. Mkazi akipokea barua inayodai kutoka serikalini lakini inatoka kwenye anwani ya bure, asitoe pesa wala nambari ya kitambulisho kabla ya kuthibitisha ofisini.

Mfano wa kujifunzia

Chukulia shule moja ya kibinafsi iliyo Free Area, kando ya barabara kuu ya kwenda Nairobi. Kwa miaka kadhaa imetumia kikoa cha .com kilichosajiliwa na fundi kwa jina lake mwenyewe. Sasa imeamua kuhamia .sc.ke. Ina masanduku manane ya barua: la mwalimu mkuu, la mhasibu, la ofisi ya karo, na mengine ya walimu. Ifanye nini?

Hatua ya 1: Andika orodha

Kabla ya kugusa kompyuta, shule iandike kila sanduku, mwenyewe na ukubwa wake. Iandike pia anwani za pamoja, kama ile ya maulizo, ambazo barua zake huingia kwa watu kadhaa. Kisha iorodheshe kila akaunti iliyosajiliwa kwa anwani ya zamani: iTax, eCitizen, benki, kampuni ya simu, mitandao ya kijamii. Orodha hii ya pili ndiyo husahaulika, na ndiyo yenye hatari kubwa kuliko zote.

Swali la mwisho la hatua hii ni nani aliye na neno la siri la akaunti ya kikoa. Ikiwa ni fundi aliyeondoka zamani, suala hilo litatuliwe kwanza. Asiye na ufunguo hawezi kuhamisha kilicho ndani ya sanduku.

Hatua ya 2: Sajili kikoa kipya kwa jina la taasisi

Msajiliwa awe shule, wala si fundi au mwalimu mmoja. Anwani ya mawasiliano inayopewa kampuni ya usajili isiwe ndani ya kikoa hicho hicho, kwa sababu kikoa kikikatika, hata onyo la kukatika halitafika.

Hatua ya 3: Andaa nyumba mpya kabla ya kuhama

Masanduku mapya yafunguliwe na kujaribiwa wakati ya zamani yanaendelea kutumika. Fundi ataweka rekodi iitwayo MX, inayoiambia dunia ni seva ipi inayopokea barua za kikoa. Ataweka pia rekodi tatu za uthibitisho: SPF inayotaja seva zinazoruhusiwa kutuma, DKIM inayotia kila barua sahihi, na DMARC inayoeleza barua zisizothibitika zifanyweje. Rekodi hizi zikikosekana, barua za shule zinaweza kuangukia kwenye folda ya barua taka za wazazi, na hakuna atakayejua.

Kisha kikoa cha zamani kiongezwe kwenye huduma mpya kama jina la pili. Kwa njia hii, barua iliyotumwa kwa anwani ya zamani na ile iliyotumwa kwa anwani mpya zote zitaingia katika sanduku moja.

Hatua ya 4: Nakili, usihamishe

Kwanza iwekwe nakala ya akiba ya masanduku yote. Halafu barua zinakiliwe kutoka seva ya zamani hadi mpya kwa njia ya IMAP, inayobeba folda zote na kukumbuka ni barua zipi zimeshasomwa. Kunakili ni salama kuliko kuhamisha: mtandao ukikatika katikati ya kazi, barua za asili bado zipo mahali pake.

Lakini IMAP hubeba barua tu. Vitu vifuatavyo vinahitaji kushughulikiwa kimoja kimoja:

- Orodha ya watu na anwani zao.
- Kalenda ya mikutano.
- Sahihi ya chini ya barua na majibu ya likizo.
- Kanuni za kupanga barua kwenye folda.
- Barua zilizoshushwa kwa njia ya zamani ya POP. Hizi mara nyingi huwa ndani ya kompyuta moja tu ya ofisi na hazipo tena kwenye seva. Kompyuta hiyo ikiharibika, zimekwenda.

Hatua ya 5: Siku ya kuhama

Seva nyingine duniani huikumbuka rekodi ya MX kwa muda fulani kabla ya kuuliza tena. Muda huo waweza kuwa sekunde 86,400, yaani siku nzima. Siku mbili kabla ya kuhama, fundi aupunguze hadi sekunde 300, ambazo ni dakika 5. Basi siku yenyewe, rekodi ya kikoa cha zamani ikielekezwa kwenye seva mpya, badiliko litaonekana upesi.

Ijumaa jioni ni wakati mzuri, kwa kuwa barua ni chache na kuna siku mbili za kurekebisha makosa. Seva ya zamani isizimwe. Barua chache zilizochelewa zitaendelea kuingia huko, na ndiyo maana kunakili hufanywa mara ya pili siku moja au mbili baadaye ili kuokota zilizobaki. Ikiwa seva mpya haitapatikana kwa saa chache, hilo si janga: kwa kawaida seva inayotuma hurudia kujaribu kwa siku kadhaa kabla ya kumrudishia mtumaji barua yake.

Hatua ya 6: Tangaza bila kuwatia watu hofu

Tangazo la anwani mpya hufanana sana na barua ya matapeli. Mzazi anayeambiwa "tumebadilisha anwani" ana haki ya kushuku. Kwa hiyo tangazo litumwe kutoka anwani ya zamani, na pia litolewe kwa karatasi yenye muhuri wa shule. Lisichanganywe kamwe na badiliko la akaunti ya benki au nambari ya kulipia karo. Mambo hayo mawili yakija pamoja, mzazi hana namna ya kutofautisha shule na mwizi. Mzazi naye akipokea ujumbe wa aina hiyo apige simu kwa nambari aliyokuwa nayo tangu zamani, na si ile iliyoandikwa kwenye ujumbe.

Ofisi zenye mtandao wao

Kwa ofisi kubwa, neno kikoa lina maana ya pili: kundi la kompyuta na watumiaji wanaosimamiwa na seva moja ya ndani. Hospitali au kiwanda kinapohamisha masanduku ya Microsoft Exchange kutoka kikoa kimoja cha ndani hadi kingine, hutokea jambo linalowashangaza wengi. Mfanyakazi anajibu barua ya mwezi uliopita ya mwenzake wa meza ya pili, na jibu linarudi likisema mtu huyo hayupo.

Sababu ni kwamba ndani ya ofisi, Exchange haikuhifadhi anwani yenye @ peke yake. Ilihifadhi jina refu la ndani, na jina hilo limebaki kwenye kila barua ya zamani. Dawa yake ni kuongeza jina la zamani kwenye sanduku jipya kama anwani ya aina ya X500. Fundi anayehamisha ofisi ya aina hii aulizwe swali hilo kabla ya kulipwa.

Kikoa cha zamani kisiachwe

Baada ya mwezi mmoja mambo yakitulia, mhasibu atauliza: kwa nini tulipie vikoa viwili? Jibu liko kwenye sanduku la posta lililotajwa mwanzoni.

Kikoa cha .com kisipolipiwa hakipotei siku hiyo hiyo. Baada ya kufutwa na msajili, kwa kawaida huwa na siku 30 za kukombolewa, kisha siku 5 za kusubiri, halafu huachiliwa. Kuanzia hapo mtu yeyote popote duniani anaweza kukisajili kihalali. Akishakipata, atafungua sanduku la kupokea kila barua inayokuja. Mzazi aliyehifadhi anwani ya zamani atamtumia cheti cha kuzaliwa cha mtoto. Na mtu huyo akienda kwenye akaunti iliyosajiliwa kwa anwani ya zamani, akabonyeza "nimesahau neno la siri", kiungo cha kubadilisha kitamfikia yeye.

Haya si ya kuwaziwa. Mwaka 2018 mtafiti wa usalama nchini Australia alisajili vikoa vilivyoachwa na kampuni za mawakili zilizoungana au kubadilisha majina. Bila kuvunja kufuli yoyote, alianza kupokea barua za siri za wateja.

Sheria ya Kenya nayo ina neno. Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inamtaka anayehifadhi taarifa za watu kuzilinda. Taarifa zikiangukia mikononi mwa asiyehusika na kukawa na hatari ya kweli ya madhara kwa wenyewe, Kamishna wa Ulinzi wa Data anapaswa kuarifiwa ndani ya saa 72 tangu jambo hilo kujulikana. Shule ina majina ya watoto, simu za wazazi na ripoti za afya. Ada ya kikoa kwa mwaka ni ndogo mno ikilinganishwa na mzigo huo.

Kwa hiyo kikoa cha zamani kiendelee kulipiwa kwa miaka, na barua zake ziendelee kuingia katika sanduku jipya. Kila baada ya miezi mitatu, ofisi iangalie ni nani bado anaandika huko, imwarifu, na kama ni akaunti, ibadilishe anwani. Kikoa kilichowahi kupokea taarifa za watoto au za fedha ni heri kisiachwe kabisa.

Maswali ya kujipima

1. Kikoa cha taasisi yako kimesajiliwa kwa jina la nani, na kinaisha lini?
2. Ni akaunti zipi za serikali na benki zinazotumia anwani yako ya sasa?
3. Je, kuna barua zilizo kwenye kompyuta moja tu ya ofisi?
4. Kwa nini kunakili hufanywa mara mbili?
5. Kikoa chako cha zamani kikichukuliwa na mtu mwingine kesho, ni barua ya nani itakayofika kwake kwanza?

Anayeweza kujibu swali la kwanza na la pili leo, kwa karatasi na kalamu, ameshafanya nusu ya kazi ya kuhama.