Mafua ya Ndege Hufikaje Bandani?

Kuku wa Chienge, Zambia, hasafiri mwenyewe hadi soko la Kashikishi, wala hajui njia ya Pweto ng'ambo ya mpaka, Congo. Basi ugonjwa wake ungefikaje huko? Tuanze na kirusi chenyewe.

Kirusi hakili, hakitembei wala hakizaani nje ya seli hai. Ili kiingie ndani ya seli, protini iliyo juu ya gamba lake lazima ikatwe na kimeng'enya cha mnyama. Katika aina nyingi za mafua ya ndege, kimeng'enya hicho hupatikana utumboni na katika njia ya hewa tu, hivyo ndege huugua kidogo. Lakini aina za H5 na H7 zinaweza kubadilika, protini yao ikakatwa na vimeng'enya vilivyomo karibu kila kiungo. Hapo kuku hufa ndani ya siku chache, huku baadhi ya bata wakiendelea kuogelea na kunya virusi majini.

Kirusi husafiri pia na ndege wanaohama. Januari 2017, buabua wanaohamia kutoka Ulaya na Asia walikutwa wamekufa Lutembe, karibu na Entebbe, Uganda. Aina ya H5N8 ilithibitishwa, na bata na kuku wa kufugwa wakaathirika Masaka. Miezi michache baadaye ikagunduliwa Ituri, Congo, upande wa Ziwa Albert.

Kuku wa kienyeji hukutana na kirusi kwenye maji, anapokunywa walipotua bata mwitu. Kuku wa shamba kubwa hawafiki ziwani. Wao huletewa kirusi na viatu, trei za mayai, matenga na magurudumu. Kikishaingia, maelfu wanaolala juu ya maranda yale yale hukigawana upesi.

Kutoka kijiji hadi kijiji, mchukuzi mkuu ni pesa. Mfugaji akiona kuku wanne wamekufa, huwahi kuuza waliobaki, akidhani ni ugonjwa wa mdondo wa kila mwaka. Kwa macho magonjwa haya mawili hufanana; maabara ndiyo huyatenganisha. Na kuku aliyeuzwa akionekana mzima huenda tayari anatoa virusi.

Gamba la kirusi hiki lina mafuta, kwa hiyo sabuni hulivunja. Osha matenga yakirudi kutoka sokoni, weka viatu vya bandani tu, tenga kuku wageni kwa wiki mbili. Vifo vikifuatana, mwite ofisa mifugo kabla ya kumwita mnunuzi.